Wawili Juu ya Farasi Mmoja

Ukisikia watu wazima wanne wametoleana macho kwa sababu ya farasi ambaye hayupo, usicheke haraka. Farasi mwenyewe alikuwa kisanamu cha mbao, sikio moja limekatika, kimesimamishwa mezani kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti katika saluni ya Kinyozi. Na kabla alasiri ile haijaisha alikuwa ameshawaangusha watu ambao maishani mwao hawajawahi kupanda hata punda.

Jumapili Kinyozi alikuwa anafunga mapema. Anageuza kibao cha mlangoni, anafagia nywele, anasukuma viti vya wateja ukutani na kuvuta meza katikati, yote hayo akiwa amekaa kwenye stuli yake ya magurudumu, maana mguu wake wa kulia haukunji goti na akisimama sana unamtesa. Kisha wenzake wanaingia, kila mmoja na soda yake, na mchezo unaanza. Mchezo wenyewe hautaki umeme wala uwanja. Kila mchezaji ana shujaa wake wa kubuni katika nchi ya kubuni yenye ngome na majoka. Wewe unasema shujaa wako anafanya nini, unarusha dadu, dadu inasema kama ameweza au ameumbuka. Mmoja tu ndiye hana shujaa. Huyo ni Mwamuzi: anasimulia, anaendesha maadui, anatafsiri sheria, na ana raha kubwa ya kusema hapana.

Mwamuzi wao alikuwa Dereva. Siku za kazi aliendesha basi la shule, na sauti ile aliyotumia kuwatuliza watoto wa viti vya nyuma ndiyo aliyotumia kuunguruma kama joka. Yeye na Kinyozi walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Wa tatu alikuwa Barafu, fundi wa majokofu, mtu wa maneno mengi na mikono iliyojaa makovu. Wa nne alikuwa mdogo wake Kinyozi, tumbo moja, ambaye Barafu alimbandika jina la Rula kwa sababu haendi popote bila rula kwenye mkoba. Rula ndiye aliyechora ramani za mchezo: mito, vilima, ngazi za ngome, kila kitu kwa kipimo. Alikuwa chuoni akisomea upimaji ardhi. Alikuwa. Siku hizi anatoa nakala katika duka la vifaa vya ofisi, anasimama mbele ya mashine inayotema karatasi za moto kutwa nzima, na ardhi pekee anayopima ni ile ya majoka.

Aliacha chuo kwa ajili ya mguu wa kaka yake. Mama yao alikuwa hajiwezi kwa mgongo, na mtu aliyelala kitandani miezi na miezi lazima kuwe na wa kumgeuza, wa kumwogesha, wa kumpeleka kliniki na kumrudisha. Kaka alipopona kiasi cha kupona, nafasi ya chuoni ilikuwa imeshapewa mwingine. Na hata baada ya hapo, kila asubuhi akielekea kazini, Rula alikuwa anapitia chumba cha nyuma ya saluni anakoishi kaka yake, anapiga goti, na kumfunga mkanda wa chini wa vile vyuma vya mguuni, ule wa kisiginoni, ambao Kinyozi mwenyewe haufikii. Anafunga, anavuta, anauliza, "Inabana?" Halafu anaondoka. Siku zikiwa nzuri anatania. Siku zikiwa mbaya anasema lile neno lake.

"Ungetulia tu, kaka. Kutulia tu."

Kwa sababu ndivyo ajali ilivyosimuliwa. Dereva alikuwa anaendesha pikipiki, Kinyozi amepakiwa nyuma, na Kinyozi akayumba. Akageuka kuangalia sijui nini, akavuta uzito upande mmoja, pikipiki ikaenda na wao mtaroni. Dereva alitoka na mikwaruzo. Ndivyo alivyojua mama yao, ndivyo alivyojua Rula, ndivyo ulivyojua mtaa mzima.

Uongo mtupu! Lakini Kinyozi aliusema mwenyewe kwa mdomo wake, akiwa kitandani hospitali, na tutafika huko.

Sasa, kuhusu farasi. Kitabu cha mchezo kina sheria nyingi za kupigana juu ya farasi. Ukishambulia kwa mbio na mkuki mkononi, pigo lako linaongezewa nguvu. Farasi akijeruhiwa, unarusha dadu kuona kama umebaki kwenye tandiko. Ukianguka unaumia kulingana na mbio mlizokuwa nazo. Yote yameandikwa. Kisichoandikwa ni habari ya watu wawili juu ya farasi mmoja, na Jumapili iliyotangulia ndipo walipokwamia: shujaa wa Rula, mpanda farasi hodari, amempakia shujaa wa Kinyozi nyuma yake, mpiga mishale, wanakimbizwa kuelekea daraja bovu. Nani arushe dadu? Mmoja akianguka, je, na mwenzake? Walibishana mpaka soda zikawa za moto, na Dereva akaahidi kuja na sheria.

Na hawa watu walikuwa na utaratibu wao, ambao sidhani kama upo kwingine duniani. Sheria mpya haipitishwi bila kisa. Anayeileta lazima asimulie jambo lililotokea kweli, kwa mtu wa kweli, linaloonyesha kwamba dunia ndivyo ilivyo, na awepo shahidi. Utaratibu huo ulianza kwa ajili ya Barafu, aliyedai kwamba shujaa mlevi anapanda ukuta vizuri kuliko aliye na akili zake. Wakamwambia, thibitisha. Akamtaja mjomba wake aliyekutwa asubuhi juu ya paa amelala fofofo, na mpaka leo hakuna anayejua alipitia wapi. Sheria ikapita kwa kura zote.

Basi Dereva akakohoa, akasoma sheria yake. "Wawili wakiwa juu ya farasi mmoja, aliyeshika hatamu ndiye anayerusha dadu kwa niaba ya wote. Lakini aliyepakiwa akiyumba, aliyeshika hatamu anapunguziwa. Na wakianguka, aliyepakiwa anaumia zaidi, kwa sababu kosa ni lake."

"Kisa?" Barafu akauliza, akigonga meza kama karani wa mahakama.

"Kisa mnakijua," Dereva akasema. "Kimekaa hapa nasi." Akamwonyesha Kinyozi kwa kidevu, akitabasamu, tabasamu la watu walioshiba urafiki. "Mimi nilishika usukani. Barabara kavu, mwendo wa kawaida, hakuna gari mbele. Ndugu yangu huyu akayumba. Nilipigana nayo ile pikipiki, jamani, nilipigana nayo! Mtu wa nyuma akishayumba huna lako."

Alisimulia bila kupepesa jicho. Kinyozi alimwangalia. Miaka yote alidhani Dereva anaubeba ule uongo kama yeye anavyoubeba, kwa aibu, akitafuta siku ya kuutua. Alikuwa akiingoja siku hiyo. Kila Jumapili alimwangalia mwenzake upande wa pili wa meza na kujiambia, leo atasema, leo atamwambia mdogo wangu. Hakutaka kingine chochote kutoka kwake. Alitaka tu Rula apige goti asubuhi moja, afunge ule mkanda, na asimtazame kama mtu aliyeyavunja maisha ya watu wawili kwa kushindwa kukaa vizuri. Na mwenzake, kumbe, uongo ule ameshaufanya kisa cha kupitishia sheria.

Ukweli ni huu. Walikuwa wametumwa na mama mpini wa fagio. Wakati wa kurudi Dereva akaubana mpini chini ya kwapa la kushoto kama mkuki, akapiga kelele za vita, na kukilenga kibao cha buluu cha barabarani, wakati huo mkono mmoja tu uko kwenye usukani na mwendo ni wa kichaa. Kinyozi alicheka. Hilo ndilo kosa lake lote, alicheka. Kisha ncha ikagonga kibao. Hospitalini Dereva alimshika mkono na kulia kabisa, machozi mpaka kwenye kola: kazi ya basi la shule ndiyo kwanza ameipata, mke ana mimba, ikijulikana alikuwa anachezea mti barabarani leseni imekwenda. "Sema uliyumba tu, ndugu yangu. Basi." Kinyozi, aliyedhani atatembea baada ya wiki chache, akasema aliyumba.

"Shahidi?" Barafu akauliza. "Kwa utaratibu lazima shahidi athibitishe."

Wote wakamgeukia. Feni ilikuwa inakwaruza juu. Rula hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anachonga penseli kwa wembe wa saluni.

"Muulizeni tu kwa heshima," akasema. "Huyu hakutulia tangu tumboni, mama anasema. Kaka, ni kweli uliyumba au si kweli? Useme tupige kura, giza lisitukute hapa."

Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi, wazi kabisa, na aliyeufungua ni mdogo wake mwenyewe. Kinyozi alimwangalia Dereva. Dereva alikuwa amekodolea macho dadu, na shavu lake lilicheza kidogo. Kumbe hajasahau. Anajua vizuri sana. Na Kinyozi, mjinga wa watu, alipoliona lile shavu likicheza akamhurumia. Mazoea mabaya hayo.

"Ndiyo," akasema, akimtazama mdogo wake machoni. "Niliyumba."

"Haya, kura," Barafu akasema. Mikono mitatu ikainuka. Wa Kinyozi ukainuka mwisho. Rula akaiandika sheria nyuma ya ramani kwa mwandiko wake wa chuoni, kisha, kama ilivyo tabia yake ya kutaka kila kitu kikae sawa, akainua kichwa.

"Swali. Shujaa wangu anashika mkuki. Hatamu anashika kwa mkono mmoja tu. Huyo naye hapunguziwi?"

Dereva alifurahi kuulizwa. Ungemwona! Mwamuzi akiulizwa swali la sheria anachanua kama amesifiwa mbele ya wakwe. Akainuka, akalichukua fagio la saluni pale pembeni, akapanda kiti cha wateja miguu huku na huku, na kulibana fagio chini ya kwapa.

"Anapunguziwa sana. Angalieni. Mkuki mrefu, ncha inataka kushuka yenyewe, unaona? Upepo unaivuta. Unalenga hapa, inakwenda pale. Ikigonga kitu, hata kitu kidogo, hata nguzo ya kibao, bega linarudishwa nyuma hivi, mwili wote unazunguka, na huu mkono mwingine kwa kujishikilia unavuta tu, unavuta, huwezi kuuzuia, ndiyo mnazidi kwenda mbio..."

Alionyesha. Fagio liko kwapa la kushoto. Na mkono wa kulia, ngumi imefungwa mbele ya kifua, kifundo kilikuwa kinajizungusha kuelekea kwake, kinajizungusha, kama mtu anayekamua nguo.

Barafu akapasuka kicheko. "Wewe bwana! Farasi gani huyo anakolezwa mafuta? Hatamu hazizungushwi hivyo, hiyo ni pikipiki!"

Alicheka peke yake. Alicheka kidogo zaidi, akaangalia nyuso, akaacha.

Rula alikuwa ameweka penseli chini.

"Mlitumwa mpini wa fagio siku ile," akasema polepole. "Mpini ulirudi umepasuka ncha, na una rangi ya buluu. Niliuliza imetoka wapi rangi, mkasema uliangukia kitu. Mama anauegeshea dirisha mpaka leo."

Dereva alishuka kwenye kiti. Aliliegemeza fagio ukutani kwa uangalifu wa ajabu, kama ni la kioo.

"Sikiliza, shemeji," akasema, na hakuwa shemeji yake, lakini mtu akibanwa anatafuta undugu popote. "Ile ilikuwa bahati mbaya tu."

"Ulikuwa umeshika mpini."

"Kidogo tu, masihara. Tulikuwa vijana. Na mimi sikumlazimisha mtu! Alikubali mwenyewe. Muulize. Dakika hii hii umemuuliza, amesema nini?"

Kinyozi aliisikia ile, "alikubali mwenyewe", na ikamwingia mahali ambapo hata ule mguu haukuwahi kufika. Alingoja miaka yote hiyo mtu huyu aseme, na sasa amesema, na alichosema ni hicho. Akataka kumtukana. Akataka kucheka. Lakini zaidi ya yote, na hili nalisema kwa sababu ni la kweli, alijisikia mwepesi. Siri imetoka! Si yeye aliyeitoa, lakini imetoka. Akamgeukia mdogo wake na uso uliojaa tumaini, uso wa mtoto aliyesingiziwa na sasa mwizi amekamatwa.

"Umeona?" akamwambia. "Umeona sasa? Sikuyumba, mdogo wangu. Nilikaa vizuri."

Rula akaanza kukusanya vitu vyake: penseli, kifutio, rula.

"Mdogo wangu."

"Nimekuuliza sasa hivi," akasema. "Nimekuuliza mbele ya watu, uliyumba au hukuyumba. Ukaniangalia machoni."

"Nilikuwa namfichia..."

"Najua ulikuwa unamfichia nani. Mimi je?" Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Huyu," akamwonyesha Dereva bila kumwangalia, "ni mtu baki. Aliogopa kazi yake, akadanganya, watu wanadanganya. Wewe nimekuogesha. Nimekupakata kama mtoto. Nimeacha chuo nikijiambia, ni uzembe wake lakini ni kaka yangu, nikaumeza. Kila asubuhi nimepiga goti hapo chini na kukulaumu, halafu njiani najuta kwa kukulaumu, na wewe uko juu hapo unanisikia, na unajua, na unaniuliza kama nimekunywa chai."

"Ningekwambia. Nilikuwa nangoja aseme yeye."

"Ndiyo. Mlikuwa mnangojana." Akafunga mkoba. "Mimi ndiye niliyepakiwa kwenye hiyo pikipiki yenu, kaka. Mmeniendesha miaka yote hii na hakuna aliyeniuliza kama nataka kushuka."

Akatoka. Hakubamiza mlango. Kengele ndogo ya juu ililia kama inavyolia kwa mteja yeyote, na kile kibao kilichogeuzwa kikabembea kidogo. Barafu alijikwaruza kidevu, akasema jokofu la mtu linamngoja, uongo wa wazi, Jumapili jioni ile, naye akaondoka. Dereva alibaki amesimama, funguo mkononi.

"Umeona ulivyoniingiza matatani?" akasema hatimaye. "Kesho mtaa mzima utajua. Na mwajiri wangu je? Ungesema mapema tungepanga vizuri."

Kinyozi alijisukuma kwa stuli mpaka mezani, akamchukua farasi wa mbao, akamweka mfukoni kwenye koti la kazi, maana alikuwa wake, alimchonga mwenyewe akiwa amelala hospitali. Ramani aliiacha. Dereva akaenda zake.

Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, vyuma vimeshafungwa juu na katikati. Mkanda wa chini ulikuwa unaning'inia. Kupitia dirishani anaiona barabara, na saa zile za Rula zilipofika alimwona kweli, mkoba begani, mwendo wake ule ule wa haraka. Alikuwa anatembea upande wa pili. Hakugeuza kichwa. Kinyozi alijaribu kuufikia mkanda kwa mkono, akajaribu kwa mwavuli, akajaribu kwa ndoano ya kutundikia nguo, jasho likamtoka, na kila ukikaribia kuingia kwenye kishikizo chake unachomoka.

Mteja wa kwanza alibisha sana mpaka akazunguka nyuma. Alikuwa mwanamume asiyemjua, mpita njia mwenye begi la safari. Kinyozi alimwomba radhi, kisha akamwomba amfungie.

Mtu yule aliweka begi chini, akachuchumaa. "Hivi? Nikaze?"

"Kaza. Kaza kidogo tena."

"Pole sana, ndugu. Ilikuwaje?"

Kila mteja anauliza, na kwa miaka yote hiyo jibu lilikuwa neno moja, linatoka hata kabla hajaliwaza. Safari hii Kinyozi alilimeza.

"Rafiki yangu alikuwa anaendesha pikipiki," akasema. "Mkono mmoja ameshika usukani, mwingine ameshika mpini wa fagio, anacheza. Mimi nilikuwa nyuma. Nilikaa vizuri kabisa. Sikuyumba hata kidogo."

Mteja alitikisa kichwa, akajipangusa magoti, akachungulia saa yake.

"Pikipiki hizi," akasema. "Mimi unipunguzie pembeni tu, juu uache."